Mpira, Pamba na Mguu wa Ndege

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akiisha kuipita Kibamba na kuingia katika mji wa Kibaha, hufika kwenye kituo kiitwacho Picha ya Ndege. Na akiwa ni mtu wa kupenda maneno, hakosi kulizungusha jina hilo kinywani, maana Kiswahili kimempa jina moja kiumbe arukaye kwa mbawa za manyoya na chombo kirukacho kwa mbawa za bati au za kitambaa, wala hakikuona haja ya kuvitenga viwili hivyo. Lugha yetu ilifanya vivyo hivyo kwa neno mpira, ambalo ni jina la mti, ni jina la mmea utambaao mwituni, ni jina la utomvu wake ulioganda, la tufe wanalolikimbiza watoto jioni, la bomba limwagialo bustani, na la ukanda mweusi ushikao gunia la mkaa juu ya keria ya baiskeli. Makala haya ni taarikhi ya mahali pale ambapo ndege na mpira hukutana, yaani mguuni mwa ndege ndogo, katika kamba inayolipokea pigo la ardhi chombo kinapotua. Tena ni taarikhi ya nchi ya Kisarawe na Kibaha, ambayo haikupata sifa ya kutengeneza kamba hiyo, walakini ilikwisha kutoa, kwa hiari na kwa jasho la kulazimishwa, vitu vyote viwili vilivyomo ndani yake.

Kamba yenyewe si fumbo. Ukiikata kwa kisu huona ndani yake nyuzi nyingi za mpira zilizolazwa sambamba, na nje yake ala ya pamba iliyosukwa, aghalabu mara mbili, nayo ilisukwa juu ya nyuzi hizo zikiwa zimekwisha kuvutwa, hata zilipoachwa hazikuweza kurejea zilivyokuwa, zikabaki zimekazwa humo daima. Mpira huipa kamba uwezo wa kuvutika, na pamba huiwekea mpaka, kwani kamba ikizidi kuvutwa msuko hujibana na kukataa kwenda mbele. Ndege zilizo mashuhuri kwa udogo wake, kama Piper Cub ya Marekani, zilisimama juu ya kamba za namna hii. Na Bernard Pietenpol wa Minnesota, aliyerusha mwaka 1929 ndege ya mbao yenye injini ya motokaa ya Ford kwa nia ya kumwonyesha mtu wa kawaida kwamba naye aweza kujiundia ndege uani kwake, alifungua mlango ambao wengi waliopita humo baada yake waliifunga ekseli ya magurudumu kwa kamba ya mpira iliyozungushwa mara kadhaa. Sababu ya kuuchagua mpira ni uzito: kwa ratili moja ya mpira hupatikana nguvu ya kupokea kishindo iliyo kubwa kuliko ile ya ratili moja ya springi ya chuma, na katika chombo cha angani kila ratili hulipiwa. Lakini wepesi huo una sharti lake, nalo ni kwamba mpira huzeeka hata kama haukutumika, na kwa hiyo mwenye ndege hawezi kuwa na kamba tu. Yampasa awe na kamba na elimu ya kuibadili.

Sasa na turejee katika nchi ya Wazaramo, ambayo vilima vya Pugu na Kisarawe ni mgongo wake, na tambarare za Kibaha zielekeazo mto Ruvu ni upande wake wa kaskazini. Kabla ya kuwako shamba lolote la mpira katika Afrika ya Mashariki, misitu ya pwani ilikuwa na mmea utambaao, jamaa ya ile itoayo mabungo tunayoyakamua maji yake, ambao wataalamu wa mimea waliuita Landolphia kirkii kwa heshima ya Sir John Kirk, daktari na mjuzi wa mimea aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja katika zama za Sayyid Barghash. Mwenye kutafuta mpira aliingia mwituni na kisu, akalichanja gome la mmea huo, akapaka maji ya chumvi penye jeraha, na utomvu ukaganda pale pale. Kisha akaukamata kwa vidole, akauvuta ukawa uzi, akauzungusha uzi huo juu ya kidonge kidogo, akaenda hivyo kutoka jeraha moja hata jingine mpaka kidonge kikawa tufe. Inafaa tusimame kidogo hapa, kwa kuwa kazi ya kuuvuta mpira ukawa uzi na kuukusanya uzi kwa uzi mpaka ukawa na nguvu, ambayo ndiyo siri ya kamba ya ndege, ilifanywa na vidole vya watu wa pwani hii kabla ya ndege ya kwanza kuruka popote duniani. Matufe hayo yalishuka kwa vichwa vya wachukuzi mpaka bandarini, yakavuka kwenda Unguja, na kutoka Unguja yakaenda Ulaya, ambako tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira uliopikwa na kiberiti haulegei kwa joto wala haukakamai kwa baridi, viwanda vilikuwa havishibi.

Baada ya Wajerumani kuishika nchi, biashara hiyo iliingiliwa na haja nyingine. Kodi ya nyumba ya rupia 3, iliyotangazwa mwaka 1897, ilimfanya mtu atafute rupia hata kama hakuwa na hamu ya kitu chochote dukani, na mpira wa mwituni ukawa mojawapo ya njia chache za kuipata. Kisha ikaja pamba. Katika utawala wa Gavana von Götzen, kuanzia mwaka 1902, ilipigwa amri ya mashamba ya pamba ya pamoja, na wilaya ya Dar es Salaam, ambayo Uzaramo ulikuwa ndani yake, ikawa miongoni mwa zilizotangulia kujaribiwa: watu walitolewa katika mashamba yao ya muhogo na mpunga wakalima chini ya macho ya majumbe na maakida, na hesabu ya mapato ilipofungwa mwenye jembe aliambulia senti 35 kwa kazi ya mwaka, ujira ambao baadhi yao waliona ni heri kuuacha mezani kuliko kuupokea. Kibasila, mkubwa wa Kisangire katika Kisarawe, aliikataa pamba hiyo akatiwa gerezani kwa kuikataa. Na Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi katika mwezi wa Julai 1905 vilipoufikia Uzaramo, jina lake lilikuwa mbele. Leo shule moja ya Dar es Salaam huitwa kwa jina hilo, na watoto wanaoandika pale juu ya madaftari yao hawakumbushwi sana kwamba mzizi wa habari ile ulikuwa ni nyuzi nyeupe kama zile zisukwazo kuwa ala ya kamba.

Mpira nao ulibadilika sura. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipanda Pugu, ikapita Soga na Ruvu, ikawasili Morogoro mwaka 1907. Na wakati huo walowezi walikuwa wamekwisha kupanda kwa wingi mti mgeni kutoka Ceará, Brazili, ambao ni ndugu wa muhogo. Mwaka 1910 bei ya mpira katika soko la London ilipanda kupita kiasi, hata mwenye shamba aliweza kujiona tajiri kwa kutazama miti yake tu. Lakini miaka 34 kabla ya hapo Henry Wickham alikuwa ametoa mbegu za mti mwingine, mpira bora wa Amazoni, akazipeleka London, na wajukuu wa mbegu zile sasa walikuwa wakichanjwa Malaya kwa maelfu ya ekari; kufika mwaka 1913 bei ilianguka, na mashamba mengi ya mpira ya Afrika ya Mashariki yakawa hayana faida hata ya kuchanjwa. Walowezi wakageukia katani. Mti wao haukuondoka nao, na kwa hekima isiyohitaji soko la London akina mama wa pwani waliutia chunguni: majani yake machanga ndiyo kisamvu cha mpira, ambacho wako watu wanaokipenda kuliko kisamvu cha muhogo wenyewe.

Ndege ilifika katika nchi hii wakati huo huo ambapo mpira wake ulikuwa umekosa thamani. Katika mwaka 1914 rubani Mjerumani aitwaye Bruno Büchner aliwasili Dar es Salaam na ndege yake, wakati mji ukijiandaa kwa maonyesho makubwa ya mwezi wa Agosti. Badala ya maonyesho vikaja vita, na ndege hiyo ikamalizika upesi kwa kuanguka na kuungwaungwa. Upande wa Waingereza haukuwa na raha zaidi. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipojificha katika delta ya Rufiji, rubani wa kukodiwa H. Dennis Cutler aliitafuta mwezi wa Novemba 1914 kwa ndege ya kuelea majini, na kipoza maji cha injini yake kilipoharibika kilichowekwa badala yake kilitolewa Mombasa katika motokaa ya Ford. Ndege za Sopwith zilizoletwa mwaka uliofuata zilishindwa na joto la pwani, ambalo lililegeza gundi na kupinda mbao. Mwisho zikaja Farman na Caudron, ndege za magurudumu ambazo magurudumu hayo yalifungwa kwa kamba za mpira. Ziliruka kutoka uwanja uliofyekwa kisiwani Mafia, zikawaelekeza wapigaji mizinga wa manowari za Waingereza, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikafikwa na mauti yake. Kwa hiyo kamba ya mguu wa ndege iliukanyaga udongo wa mwambao wetu vitani, katika joto ambalo ni adui yake mkubwa, na wale waliokuwa na kazi ya kuitazama walijifunza papo hapo kwamba kitu kilichotengenezwa kwa hewa ya Ulaya hakina umri ule ule hapa.

Vita hivyo vilitoa somo jingine, ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko habari za meli. Bahari ilipofungwa na manowari za Waingereza, na koloni likakosa kila kilichokuwa kikiletwa kwa merikebu, ilibainika kwamba mashamba yale yale yaliyohesabiwa hayana faida yanaweza kutoa tairi: mpira ulichanganywa na kiberiti na kupikwa mpaka ukafaa kwa baiskeli na motokaa, kama Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, mwenyewe alivyokuja kusimulia katika kumbukumbu zake, na pamba ilisokotwa na kufumwa kwa mikono ikawa nguo. Mpira na pamba, ambazo kwa muda wa miaka mingi zilikuwa zikiondoka zikiwa ghafi, zilifanyiwa kazi humu humu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Vita vilipokwisha, na njia ya bahari kufunguliwa, elimu hiyo iliachwa kama mtu aachavyo mwavuli mvua ikikatika. Mpira ukarejea kuwa kitu kiletwacho kutoka ng'ambo, umekwisha kuumbwa tairi na tyubu.

Lakini kitu kikija katika mikono ya watu hakikai jina moja. Baiskeli ilipoenea katika vijiji vya Uzaramo, tyubu iliyokwisha kutoboka hata kiraka kikakosa mahali pa kukaa ilianza maisha ya pili: ikawa manati ya mtoto, ikawa kitanzi cha kukazia mpini wa jembe, na zaidi ya yote ikawa mpira wa kufungia mizigo. Kibaha iliongeza riziki ya kazi hiyo. Mji huo, uliopata umbo lake la sasa baada ya nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden kujenga pale kituo cha elimu, afya na kilimo kilichofunguliwa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, ulikuja kuwa pia mahali pa kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania, na barabara yake ikawa njia ya malori yaendayo bara usiku na mchana. Na tyubu ya lori, iliyo nene na pana, ni hazina kwa mwenye kujua kuikata.

Kuikata ni sanaa, ingawa haifundishwi katika chuo chochote. Fundi huondoa kwanza sehemu ya vali, huipasua tyubu na kuiosha vumbi, kisha hutia wembe maji, kwa maana wembe mkavu hunata katika mpira na kuruka, na wembe uliolowa hupita kama unapita katika siagi. Hakati vipande vipande. Huanza ukingoni na kuzunguka bila kuinua mkono, mpaka tyubu nzima ikageuka ukanda mmoja mrefu usio na kiungo, wenye upana wa vidole viwili. Ukingo wa ukanda huo lazima uwe laini kabisa, maana mpira una tabia ya ajabu: utauvuta mara tatu ya urefu wake nao utastahimili, lakini ukiwa na mkato mdogo kama ukucha wa mtoto, mpasuko utaanzia hapo na kukimbia upana wote kwa mara moja. Mwishoni hufungwa fundo au kulabu ya waya mnene, na mchukuzi huzungusha ukanda juu ya magunia akiuvuta kwa uzito wa mwili wake, mizunguko ya kulia sawa na ya kushoto, ili mzigo usilale upande mmoja katika mteremko wa Pugu. Na mchukuzi mwenye akili hautegemei mpira peke yake. Chini yake hupitisha kamba ya katani isiyovutika, ambayo siku zote haifanyi kazi ila siku moja, siku ambayo mpira utakatika.

Mtu aliyezoea kuunda ndege yake mwenyewe akiyasoma maneno hayo atadhani anasimuliwa kazi yake. Naye, wakati wa kubadili kamba ukifika, huinua chombo magurudumu yakaning'inia, huikata kamba ya zamani, na huizungusha mpya baina ya ekseli na kiunzi kwa kuivuta kwa nguvu sawasawa kila mzunguko, akihesabu kwa sauti ili mguu wa kulia usipate mizunguko zaidi ya wa kushoto, kwani ndege yenye miguu isiyolingana hutua kiupande. Ncha huzifunga kwa uzi uliopakwa nta, uliozungushwa kwa kubana mpaka kamba isiweze kuponyoka. Penye ndege zilizotengenezwa kwa tahadhari huwako pia waya wa chuma uliolegezwa, ambao hauna kazi ila siku kamba itakapokatika. Aidha waliotengeneza kamba hizo viwandani walitia katika msuko wa pamba nyuzi chache za rangi, ambazo kwa kanuni maalumu hueleza mwaka na robo ya mwaka ambayo kamba ilizaliwa, na rangi za miaka huzunguka na kurudi baada ya miaka 5. Kwa hiyo kamba hubeba cheti chake cha kuzaliwa mwilini, na fundi hahitaji kuulizia umri wake, hutazama tu.

Haki yataka niseme kwamba ukanda wa tyubu haufai kuvishwa ndege, na mtu asije akadanganyika kwa kufanana kwa kazi hizo mbili. Mpira wa tyubu ulichanganywa ili uzuie pumzi, haukuchanganywa ili uvutwe mara elfu na kurudi. Tena ni ukanda mmoja, ambao ukianza kupasuka umepasuka wote, hali kamba ya ndege ni nyuzi nyingi ambazo moja ikifa nyingine hubaki, na ala ya pamba hulinda zote na jua. Walakini maarifa ya kuutambua mpira ni mamoja. John Gough, mwanachuoni kipofu wa mji wa Kendal katika Uingereza, alieleza mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba ukanda wa mpira ukivutwa ghafla na kuguswa kwa mdomo huonekana umepata joto, na ukiachwa urudi hupoa. Na mtoto yeyote wa Maneromango katika Kisarawe aliyepata kuivuta manati huku ameishikilia karibu na shavu anayo habari hiyo bila kumjua Gough. Vivyo hivyo adui za mpira zinajulikana pande zote mbili: mafuta huufanya uvimbe na kulainika, jua na hewa huufanya ukakamae na kutoa nyufa nyembamba, na kuachwa umevutwa muda mrefu huuondolea hamu ya kurudi.

Iko ibra katika taarikhi hii ambayo siwezi kuipita. Mpira wa kwanza wa nchi hii ulitoka katika misitu ya pwani kama ile ya Pugu na Kazimzumbwi; ukachanjwa, ukaondoka kama matufe, ukazunguka dunia. Umerudi kama tyubu, tyubu imekatwa ukanda, na ukanda umefunga magunia ya mkaa ambao sehemu yake, kwa miaka mingi sasa, imechomwa katika misitu hiyo hiyo. Hivi kwamba mtambaa uliokuwa ukiukumbatia mti ulio hai sasa unaukumbatia mti ukiwa umekwisha kuwa makaa, njiani kuelekea mjini. Simlaumu mchukuzi, ambaye hupanda kilima alfajiri kwa miguu yake mwenyewe na riziki yake imo ndani ya gunia lile. Nasema tu kwamba mpira huvutika sana, lakini kila uvutikapo una mwisho, na msitu pia.

Ndiyo maana katika habari zote za kazi hii mimi hupenda zaidi jambo moja dogo, ambalo utalikuta kwa fundi wa baiskeli chini ya mwembe. Mteja akimletea mpira uliokatika, fundi hauangalii mkato. Mkato haumwelezi neno. Huukunja karibu na mkato, akaubana kwa kidole gumba, akazitazama zile nyufa nyembamba zinazofunguka juu ya mgongo wake, kisha humwuliza mteja swali lile lile ambalo rubani mwenye ndege ya uani kwake angeulizwa na fundi wake, kabla ya bei na kabla ya salamu kukamilika: "Huu ulikuwa unalala juani?"